Pomboo na Mnandi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekulia Kirumba, Mwanza, nyumba ya tatu kutoka ziwani. Sasa ni mwaka wa tisa niko Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Ninafundisha sayansi, na siku za mapumziko hupanda boti pamoja na wageni wanaokwenda kuwaangalia pomboo. Kwa hiyo maswali haya yananifuata kotekote: ndugu zangu wa ziwani wananiuliza habari za pomboo, na majirani zangu wa pwani wananiuliza huyo mnandi, ndege mvuvi wa ziwani ninayemsifu, ana nini cha ajabu. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara. Mengine nimeyajibu kwa maneno machache kwa sababu hayahitaji zaidi.

Pomboo wako wengi na minandi wako wengi. Unawazungumzia wepi?

Pomboo wangu ni yule anayeonekana Kizimkazi karibu kila siku bahari ikitulia, ambaye wataalamu humwita Tursiops aduncus. Anaishi maji ya karibu na pwani, kuanzia Afrika Kusini, kupitia kwetu na Uarabuni, hadi Australia na visiwa vya Asia. Mtu mzima hufikia mita 2.6 na kilo 230 hivi. Mgongo ni wa kijivu, tumbo jeupe, na akikomaa tumbo hutoka madoadoa, kwa hiyo akiruka juu unaweza kumjua mzee na kijana. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa ni aina moja na pomboo mkubwa zaidi aliyeenea bahari nyingi za dunia. Ni mwishoni mwa miaka ya 1990 tu uchunguzi wa mifupa na vinasaba ulipothibitisha kuwa ni aina yake peke yake.

Mnandi wangu ni yule mkubwa mwenye kifua cheupe, Phalacrocorax carbo wa upande wetu wa Afrika. Mwili mweusi, shingo ya mbele na kifua vyeupe, macho ya kijani kibichi yanayong'aa kama kioo, na mdomo wenye ndoana nchani. Urefu wake ni sentimita 80 hadi 100, uzito kilo mbili au tatu. Usimchanganye na mnandi mdogo mwenye mkia mrefu na macho mekundu, wala na mbizi, yule ndege wa shingo ya nyoka ambaye mdomo wake umenyooka kama msumari.

Mnyama na ndege wanalinganishwaje? Si kama kulinganisha ng'ombe na mwembe?

Hapana. Wote wawili wana damu moto, wote wanapumua hewa, na wote wanaishi kwa kuwafukuza samaki chini ya maji, mahali ambapo hewa hakuna. Tatizo lao ni moja. Ninachopenda ni kuona kila mmoja alivyolitatua.

Mababu wa pomboo walikuwa wanyama wa nchi kavu, wa miguu minne na kwato. Waliingia majini takriban miaka milioni 50 iliyopita na hawakurudi tena. Ndugu yake wa karibu zaidi kati ya wanyama wa kwato walio hai leo ni kiboko, kwa hiyo mtu wa ziwani asiyewahi kufika pwani amekwisha kumwona binamu wa pomboo. Ukilipasua pezi la ubavuni la pomboo utakuta ndani mifupa ya mkono: bega, kiwiko, na vidole vitano. Ndani ya nyama ya nyuma kumebaki vijifupa viwili vya nyonga visivyoshika mguu wowote.

Mnandi yeye aliingia majini bila kuhama nchi kavu. Anavua ziwani, analala mtini, anazaa juu ya jiwe au mti, anaruka angani. Pomboo alitoa kila kitu kwa ajili ya maji, mnandi alitoa nusu tu. Ukilishika hilo, majibu mengi yanayofuata utaweza kuyabuni mwenyewe.

Je, pomboo ni samaki?

Si samaki. Anazaa mtoto hai, anamnyonyesha maziwa, na akizuiwa kufika juu ya maji atakufa kwa kukosa hewa kama wewe na mimi. Wala si nguva. Nguva anakula majani ya baharini, ana mdomo mpana kama wa ng'ombe, na siku hizi ni adimu mno katika pwani yetu.

Nikiona pezi juu ya maji nitajuaje kama ni pomboo au papa?

Sikiliza kabla ya kutazama. Pomboo anapumua kwa tundu moja lililo utosini, na akitoa pumzi unasikia "pfuu" fupi yenye nguvu, hata kabla hujamwona. Papa hana sauti. Halafu tazama mwendo: pomboo anapinda mgongo, anainuka na kuzama kama mtu anayeshona kwa mishono mirefu, kwa sababu mkia wake umelala na unapiga juu na chini. Mkia wa papa umesimama na unapiga kushoto na kulia, kwa hiyo pezi lake linakata maji bila kupanda na kushuka.

Kwa nini mnandi anasimama juu ya jiwe akiwa ametanua mbawa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na nimelijibu nikiwa nimesimama Mwanza mbele ya Jiwe la Bismarck mara nyingi kiasi kwamba wadogo zangu wanaweza kulijibu kwa niaba yangu.

Anakausha manyoya. Watu husema hana mafuta ya kupaka manyoya kama bata, lakini si kweli. Tezi ya mafuta anayo, juu ya mkia, na anaitumia. Tofauti iko kwenye unyoya wenyewe. Ukiushika unyoya wa mnandi na kuutazama karibu utaona katikati umesukwa kwa kubana, na pembeni umelegea kama kitambaa kilichofumuka. Maji hupenya ile sehemu ya pembeni na kuilowesha, lakini hayafiki kwenye ngozi, kwa sababu sehemu ya katikati hubaki kavu. Kwa hiyo ndege analowa kwa nje na anabaki na joto kwa ndani.

Faida yake ni nini? Mtazame bata. Manyoya yake yamefunga hewa nyingi, ndiyo maana anaelea kama boya na ni shida kwake kuzama. Manyoya ya mnandi yakishiba maji, ile hewa inatoka, na anazama bila kupigana sana na maji. Hata akielea, mwili wake umekaa chini hivi kwamba kwa mbali unaona shingo na kichwa tu, kama fimbo inayotembea.

Hasara yake ni hiyo mnayoiona. Baada ya kuvua lazima atoke. Hawezi kushinda majini kutwa kama bata. Hupanda jiweni, hutanua mbawa upande unakotoka upepo, na hutulia hapo huku akizipunga kidogo kidogo. Mchana jua likiwa kali utaona ngozi ya koo lake inatetemeka haraka haraka. Hapo anapunguza joto, kama mbwa anavyohema.

Jiwe basi si mahali pa kupumzikia tu. Kwa mnandi, jiwe kavu lisilo na usumbufu ni sehemu ya chombo chake cha uvuvi, kama vile mvuvi anavyohitaji mahali pa kuanikia nyavu. Vijana wanaowarushia mawe minandi ili wawaone wakiruka wanawarudisha majini na mbawa zenye maji.

Nani anazama zaidi, na wanaogeleaje?

Pomboo, bila ubishi. Anakaa chini dakika kadhaa, ingawa huyu wa kwetu, kwa kuwa anapenda maji ya karibu na miamba, mara nyingi hana haja ya kwenda mbali sana. Mnandi hukaa chini nusu dakika hadi dakika moja kwa kawaida, na kina chake mara nyingi ni mita chache, japo anaweza kufika makumi.

Mnandi anaogelea kwa miguu. Mbawa huzifunga ubavuni na kusukuma kwa miguu yote miwili kwa pamoja. Vidole vyake vinne vyote, hata kile cha nyuma, vimeunganishwa kwa ngozi, wakati bata ana vitatu tu vilivyounganishwa. Mguu umekaa nyuma kabisa ya mwili, kama injini ya boti. Ndiyo maana akitembea nchi kavu anayumbayumba.

Maji yakiwa machafu wanawaonaje samaki?

Pomboo haoni tu, anasikia umbo la kitu. Ndani ya kichwa, chini ya lile tundu la pumzi, kuna midomo midogo ya nyama inayogongana na kutoa milio mifupi, mingi sana kwa sekunde moja. Ule uvimbe wa mafuta kwenye paji la uso unaikusanya milio hiyo na kuielekeza mbele. Mlio ukigonga samaki unarudi, naye anaupokea kwa taya la chini, ambalo ndani yake kuna mafuta yanayoupeleka moja kwa moja hadi kwenye sikio. Anajua samaki yuko umbali gani, ana ukubwa gani na anaelekea wapi, hata usiku. Anaweza kumgundua hata aliyejifukia mchangani.

Mnandi anategemea macho, na macho yake si ya kawaida. Wewe ukifungua macho majini unaona ukungu, kwa sababu jicho la binadamu limeumbwa kwa ajili ya hewa. Mnandi ana misuli yenye nguvu inayoibinya lenzi ya jicho mpaka ibadilike umbo, na kwa hiyo anaona vizuri hewani na majini. Hata hivyo ziwa likichafuka hawaoni samaki wa mbali. Huwakaribia, huwagutusha watoke mafichoni, kisha hunyosha shingo ghafla na kuwanasa kwa ile ndoana.

Wanakula nini, na watu wamejuaje?

Hapa naomba subira, kwa maana ndipo pomboo na mnandi wanapokutana mezani.

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, chini ya mti waliolala minandi niliokota kitu kama kidonge kikubwa, laini, chenye utelezi, kinanuka. Nilikipasua kwa kijiti. Ndani kulikuwa na miba, magamba, na vijiwe vyeupe vidogo kuliko punje ya mchele. Bibi yangu aliniambia nitupe uchafu huo nikanawe mikono. Sikujua kwamba mnandi, akishameng'enya samaki, hutapika mabaki magumu yakiwa yamefungwa ndani ya utando wa ute, mara nyingi kidonge kimoja kwa siku.

Vile vijiwe vyeupe ni mawe ya sikio la samaki. Kila samaki wa mifupa anayo kichwani, humsaidia kusikia na kujua amekaa vipi majini. Kila aina ya samaki ina jiwe la umbo lake, na jiwe hukua pamoja na samaki. Mtu aliyezoea akiliona jiwe moja chini ya kioo cha kukuzia atakuambia ni samaki gani na alikuwa na urefu gani.

Miaka mingi baadaye, Unguja, nikayakuta mawe hayohayo. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa nje, walichunguza matumbo ya pomboo 26 waliokufa kwenye nyavu za jarife, wakayahesabu mawe ya masikio. Walikuta aina 50 za samaki, wengi wakiwa ni wa miambani na wa chini kwenye mchanga: jamii ya mkunga, jamii ya changu, na ngisi pia. Ngisi hana mawe hayo, yeye hutambulika kwa mdomo wake mgumu unaofanana na wa kasuku, ambao haumeng'enyeki.

Mnandi wa Ziwa Victoria alikuwa mlaji mkubwa wa furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi. Kisha sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 akaongezeka, na miaka ya 1980 furu wakapungua vibaya, aina nyingi zikatoweka kabisa. Ndege wote wanaokula samaki waliguswa na badiliko hilo. Mdiria wa ziwani, kwa mfano, aliyezoea furu alionekana akila dagaa zaidi. Mwaka sangara alipokuwa sokoni kila mahali, vidonge vya ndege chini ya miti navyo vilikuwa vinaeleza habari ileile.

Jambo moja dogo: wote wawili humeza samaki mzima, na humeza kwa kuanza na kichwa ili miba ya mapezi ilale. Meno ya pomboo, zaidi ya 20 kila upande wa kila taya, ni ya kushikia tu. Hatafuni.

Mnandi anamaliza samaki wetu. Kwa nini asifukuzwe?

Nimelisikia hili tangu utotoni, na ninawaelewa wanaolisema, maana mtu aliyerudi na ndoo nusu akiona minandi 200 juu ya jiwe moyo unamuuma. Lakini tuhesabu kwa haki. Mnandi mmoja anakula karibu nusu kilo kwa siku, na wengi wa samaki wake ni wadogo. Furu na dagaa hawa ndio wanaoliwa pia na sangara mkubwa, tena kwa wingi ambao ndege hawezi kuukaribia. Kinyesi chake kinarudi ziwani kuwa mbolea.

Kwenye vizimba vya kufugia sato hali ni nyingine. Pale samaki wamejazana, hawana pa kukimbilia, na ndege yeyote mwenye njaa atakuja. Dawa ni wavu wa juu, uliokazwa vizuri usilegee, ili ndege asinase akafa. Ulaya ugomvi wa wafugaji wa samaki na minandi umekuwa mkubwa tangu ndege hao walipolindwa kwa sheria mwaka 1979 na idadi yao kuongezeka, na hata huko wavu uliowekwa mapema umesaidia kuliko risasi.

Nani ana akili zaidi?

Kama akili ni kujifunza na kufundishana, pomboo yuko mbele sana. Kila pomboo, akiwa bado mdogo, hujitungia mluzi wake wa kipekee na kuutumia maisha yake yote, na wenzake wanaweza kuuiga mluzi huo kumwita. Yaani ana jina. Katika ghuba ya Shark Bay, Australia, pomboo wa aina hiihii ya kwetu hung'oa sifongo ya baharini na kuivaa puani, ili waupekue mchanga wenye mawe makali bila kujichubua. Watafiti walianza kuliona hilo miaka ya 1980. Si pomboo wote wa ghuba wanaofanya hivyo. Wanafanya wale ambao mama zao walifanya, na mabinti ndio hasa wanaourithi ufundi huo. Kwangu hiyo ni sawa na ususi wa ukili unaotoka kwa mama kwenda kwa binti.

Lakini msimdharau ndege. China wavuvi wamewatumia minandi kwa karne nyingi, na Japani, kwenye mto Nagara, uvuvi wa namna hiyo, kwa aina ya jirani ya mnandi, una zaidi ya miaka 1,300. Hufungwa kamba shingoni wasimeze samaki wakubwa. Mwaka 1979 yalichapishwa maelezo ya wavuvi wa China waliowazoesha ndege wao kulegezewa kamba na kula samaki wa nane baada ya kuleta saba. Ndege aliyekwisha kuleta saba aligoma kuzama tena, akakaa pale pale juu ya chombo, hata asukumwe, mpaka apewe haki yake.

Wanalala wapi?

Mnandi, mtini au jiweni, pamoja na wenzake. Pomboo hana kitanda: kupumua kwake ni kwa kukusudia, hivyo akipotewa na fahamu kama sisi atakufa. Hulala nusu nusu. Upande mmoja wa ubongo unapumzika, mwingine unakesha, kisha hubadilishana. Wakati huo kundi huogelea taratibu, likiwa limekaribiana, bila kuruka na bila mbwembwe.

Na hapo hasa ndipo boti zinapowakuta asubuhi. Mgeni anaona pomboo "wametulia", anafurahi, anarukia maji. Nimewahi kuwa kwenye boti ambayo ilizunguka kundi moja pamoja na boti nyingine kumi au zaidi, injini zikiunguruma, mama mmoja akiwa na mtoto ubavuni akizama na kuibuka upande huu na ule bila kupata nafasi. Niliona aibu. Utafiti uliofanywa Kizimkazi umeonyesha kwamba boti zikiwa nyingi, muda wa pomboo kupumzika na kula hupungua na muda wa kukimbia huongezeka sana.

Ni kweli pomboo anatabasamu?

Taya lake limeumbwa hivyo. Hata akiwa na maumivu, hata akiwa amekufa, sura ni ileile. Usiyasome mawazo yake usoni. Akipiga maji kwa mkia, akibadili njia kila mnapomkaribia, au kundi likikaa chini muda mrefu kuliko mwanzo, amekwisha kusema hataki. Nahodha azime injini au aondoke.

Nani yuko hatarini zaidi?

Pomboo, na sababu kubwa ni uzazi.

Mnandi anataga mayai matatu au manne, ya rangi ya samawati iliyopauka, yenye vumbi jeupe kama chokaa. Baba na mama huyaatamia kwa zamu kwa mwezi mmoja hivi, wakiyafunika kwa ngozi ya miguu yao. Makinda hutoka bila unyoya hata mmoja, weusi, na ni vigumu kuwaita wazuri. Baada ya siku 50 hivi wanaruka. Ndege akifika miaka mitatu hivi anaanza kuzaa. Kwa hiyo mwaka mbaya ukipita, mwaka mzuri unaweza kuliziba pengo. Duniani kwa jumla mnandi huyu hayuko kwenye orodha ya walio hatarini.

Pomboo jike anaanza kuzaa akiwa na takriban miaka kumi au zaidi. Mimba ni miezi 12. Mtoto ni mmoja, wa urefu wa mita moja hivi, ananyonya miaka miwili, mitatu au zaidi, na mama hazai tena mpaka ipite miaka mitatu hadi sita. Ingawa anaweza kuishi zaidi ya miaka 40, watoto atakaowafikisha utu uzima ni wachache. Sasa fikiri: hesabu iliyofanywa kusini mwa Unguja kati ya 1999 na 2002 iliwakadiria pomboo wa aina hii kuwa karibu 150. Ukiwapoteza kumi kwa mwaka kwenye nyavu, na wakiwamo majike wawili watatu wanaonyonyesha, wao hawana mwaka mzuri wa kuliziba pengo hilo. Pomboo mwenye nundu, anayeishi maji hayohayo, alikuwa hata hafiki nusu ya idadi hiyo, naye ametangazwa kuwa hatarini kutoweka.

Wazee wa hapa wanakumbuka pomboo walipokuwa wakiuawa ili wawe chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 utalii wa kuwaangalia ulianza, na wenyeji wakaona pomboo aliye hai analeta chakula mwaka mzima. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, kilomita za mraba 470, ikawa eneo la hifadhi. Kinachobaki ni jarife, wavu wa macho makubwa unaotegwa usiku kwa ajili ya jodari, nguru, papa na taa. Mvuvi hakumkusudia pomboo, na hakuna mvuvi ninayemjua anayefurahi kumkuta amekufa wavuni.

Kaskazini, Nungwi, mwishoni mwa Aprili 2006, pomboo wapatao 400 wa aina hiihii walikutwa wamekufa ufukweni. Matumbo yao yalikuwa matupu. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa mtoto wakati ule anasema mpaka leo hawezi kupita sehemu ile asubuhi bila kutazama chini.

Naweza kuwaona wote wawili katika safari moja?

Kwetu ni vigumu, kwa kuwa mnandi mkubwa hapa ni ndege wa maziwa zaidi: Victoria, Tanganyika, Naivasha, Turkana, na mfereji wa Kazinga kule Uganda, ambako hukaa ufukweni na viboko nyuma yake. Pomboo utamtafuta Kizimkazi, au Kisite na Watamu upande wa Kenya. Kwenye mikoko ya pwani unaweza kumkuta yule mnandi mdogo.

Jamaa zetu walioko Oman wana bahati zaidi. Majira ya baridi minandi wakubwa kutoka Asia hushuka mpaka pwani yao, na pomboo wapo mwaka mzima. Ghuba wana pia mnandi wa Sokotra, anayezaa chini mchangani kwenye visiwa kama Hawar, Bahrain, kwa makundi yanayotia giza bahari yakiondoka alfajiri.

Nimemkuta pomboo amekwama ufukweni, au mnandi amenasa kwenye wavu. Nifanye nini?

Pomboo kwanza. Mwite afisa uvuvi au kamati ya wavuvi ya kijiji, na wakati mnasubiri mlaze kwa tumbo, si kwa ubavu. Chimbeni mchanga chini ya mapezi yake ya ubavuni yasivunjike. Mfunikeni kanga au shuka iliyolowa na mmwagieni maji, na kama jua ni kali mwekeeni kivuli. Lile tundu la utosini liacheni wazi kabisa: lisifunikwe kwa nguo, lisiingie maji wala mchanga, kwa kuwa hawezi kupumua kwa mdomo hata akitaka. Msimvute kwa mkia. Watoto wakae mbali, na kelele zipungue. Maji yakijaa, msindikizeni taratibu mpaka pale atakapoelea mwenyewe.

Kwa mnandi, tupa kitambaa juu ya kichwa chake kwanza, kwa sababu akiogopa hulenga macho yako. Mshike kwa nyuma, mbawa zikiwa zimefungwa mwilini, na ukate nyuzi kwa mkasi badala ya kuzivuta. Angalia kama kuna ndoana. Ukiushika mdomo, ushike kwa vidole huku ukiuacha uachame kidogo, na usiufunge kwa mpira wala kamba. Matundu yake ya pua yamezibika tangu akiwa mdogo, anapumua kwa mdomo peke yake, na wapo waliowaua ndege hawa kwa kutaka kuwasaidia.

Ukimaliza usimrushe ziwani. Mweke juu ya jiwe kavu lenye upepo, urudi nyuma hatua ishirini, ungoje atanue mbawa.